Kwa nini mwalimu ametaka penseli ya HB: jinsi ya kuisoma orodha ya vifaa vya darasani

Orodha ambayo mtoto huja nayo nyumbani Januari huwa fupi, haina maelezo: madaftari kumi, penseli za HB, kichongeo, rula ya sentimita 30, vijiti mia, rimu moja, fagio. Huku kwetu Mwanza, mzazi wa Igoma, wa Kirumba au wa Nansio anaisoma akiwa tayari dukani, mfukoni ana hela ya nusu ya vitu hivyo, na muuzaji anamwambia, "Chukua hizi, zote sawa tu." Mara nyingi si sawa. Kila kitu kilichoandikwa pale kina kazi yake darasani. Ukiijua kazi hiyo, unajua mahali pa kubana matumizi na mahali ambapo ukibana, atakayeumia ni mtoto.

Kwanza tuweke sawa nani analipia nini. Tangu Januari 2016 shule za msingi za serikali hazitozi ada, kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015. Serikali huhesabu ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, na 25,000 kwa wa sekondari. Sare, madaftari, kalamu na chakula cha mtoto wa kutwa vimebaki kwa mzazi. Sasa chukua darasa la watoto 90, jambo la kawaida kabisa katika kata za mjini Mwanza ingawa kiwango kilichowekwa ni 45. Ruzuku ya darasa lote ni shilingi 900,000 kwa mwaka mzima, na sehemu yake hukatwa kwa ajili ya vitabu. Inayobaki ndiyo ya chaki, karatasi za mitihani, michezo, na kitasa cha mlango kilichong'oka. Ndiyo maana orodha haiishii kwenye madaftari.

Igawe orodha mafungu matatu kabla ya kutoka nyumbani: vitu vya mtoto mwenyewe, vitu vya darasa zima, na vitu vya usafi na maji. Fungu la kwanza unanunua kama lilivyoandikwa. La pili unauliza idadi. La tatu unauliza zamu. Sababu zinafuata.

Madaftari

Hapa ndipo wazazi wengi hukosea, kwa sababu kwa nje madaftari yanafanana. Fungua ndani uone mistari.

Mtoto wa awali, wa darasa la kwanza na la pili anajifunza hasa kusoma, kuandika na kuhesabu. Akiandikiwa "daftari la mwandiko", mwalimu anataka lile ambalo kila mstari wa kuandikia una mistari myembamba ya kusaidia juu na chini yake. Mistari hiyo ndiyo inayomwonyesha mtoto kwamba "b", "d" na "k" zinapanda juu, kwamba "g", "j" na "y" zinashuka chini, na "a" inakaa katikati. Ukimpa daftari la mistari ya kawaida, herufi zote zinakuwa na kimo kimoja, na "a" yake huwezi kuitofautisha na "d". Kosa hilo likizoeleka mwaka wa kwanza, kulitoa darasa la nne ni kazi kubwa.

Daftari la hesabu lenye viboksi lina kazi nyingine: kila tarakimu inakaa kwenye chumba chake. Mtoto anayejumlisha 47 na 8 anatakiwa kuiweka 8 chini ya 7. Kwenye karatasi isiyo na viboksi huiweka chini ya 4, anapata 127, na mwalimu anadhani hajui kujumlisha kumbe anajua, hajui kupanga tu. Ukikosa la viboksi dukani, nunua la mistari ya kawaida, lilaze upande ili mistari isimame wima, na mtoto aandike tarakimu moja kati ya mstari na mstari. Inafanya kazi vizuri.

Kuhusu unene: kwa madarasa ya chini usinunue kaunta buku hata kama unaona litadumu zaidi. Mwalimu anabeba madaftari ya darasa zima kwenda kusahihisha. Tisini ya kurasa 48 au 64 yanabebeka, makaunta buku tisini hayabebeki, kwa hiyo yatasahihishwa machache. Na mtoto wa miaka saba hupoteza vitu. Akipoteza daftari jembamba, amepoteza kazi ya wiki kadhaa. Akipoteza kaunta buku, mwaka wake wote umekwenda.

Kuanzia darasa la tano mambo yanageuka. Hapo mwanafunzi anaandika maelezo atakayoyarudia kabla ya mtihani, na daftari la pini hulegea ukurasa wa katikati kabla ya Juni. Huku kwetu unyevu wa Ziwa Victoria unafanya pini zishike kutu upesi, kutu inakula karatasi, na kurasa nne zinadondoka kwa mkupuo. Hivyo mwalimu anaandika kaunta buku, ambalo limeshonwa kwa uzi na lina jalada gumu. La kwaya moja lina kurasa 96, la kwaya mbili 192, la kwaya tatu 288. Mwaka wa shule una siku 194 za masomo, kwa hiyo la kwaya mbili linakaribia kumaliza mwaka kwa somo linalofundishwa kila siku, hata akijaza ukurasa mzima kila siku. Kwa somo la vipindi viwili kwa wiki, kwaya moja inatosha na kubaki. Kununua kwaya tatu kwa kila somo ni kumtwisha mtoto mzigo, hasa anayepanda mawe ya Mabatini au Bugando kila asubuhi.

Majalada ya rangi tofauti si urembo. Mwalimu akisema hisabati bluu na Kiswahili kijani, anataka watoto 90 watoe daftari moja ndani ya dakika moja, si dakika saba. Kipindi cha msingi ni kifupi, na dakika saba zikipotea mara tano kwa siku, nusu saa imeondoka. Kama huna karatasi ya rangi, funika na gazeti au kaki, kisha ubandike kipande cha rangi kwenye mgongo wa daftari. Juu yake weka nailoni, kwa sababu masika ya Machi hadi Mei yatampata mtoto njiani.

Penseli, raba na kichongeo

HB maana yake ni risasi ya ugumu wa kati. Risasi ngumu zaidi, zenye herufi H peke yake au 2H, hukwaruza karatasi nyepesi na kuitoboa, na maandishi yake ni hafifu. Risasi laini kama 2B au 4B huchafua: mtoto akipitisha mkono, ukurasa wote unakuwa mweusi. Mtoto anayeanza kuandika hajui bado kupima nguvu ya mkono wake, na HB inamvumilia. Baadaye kuna sababu ya pili. Kwenye mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, majibu ya kuchagua huwekwa kivuli kwa penseli ya HB kwenye fomu inayosomwa na mashine. Aliyezoea HB tangu mwanzo hapati shida siku hiyo.

Kwenye penseli za bei rahisi, tatizo kubwa ni risasi iliyokatika ndani. Unachonga, ncha inadondoka, unachonga tena, inadondoka tena, na penseli inaisha bila kuandika chochote. Kabla ya kununua dazeni, chagua moja na utazame kitako chake. Risasi iwe katikati kabisa ya mti. Ikiwa imeegemea upande mmoja, kichongeo kitakula mti upande mmoja na ncha haitashika. Muombe muuzaji uichonge hapo hapo. Mwenye mali nzuri hakatai.

Wazazi wengi hukata penseli vipande viwili ili akipoteza apoteze nusu. Ni akili nzuri, na kipande kifupi kinakaa vizuri kwenye kiganja kidogo. Ila kikishuka chini ya urefu wa kidole cha shahada cha mtu mzima, mtoto anaanza kukikunja kwa vidole vyote vitano na mwandiko unaharibika. Kitoe. Kwa darasa la kwanza, panga penseli moja kwa wiki mbili, mpe vipande viwili vilivyochongwa, zilizobaki zikae nyumbani. Ukimpa dazeni siku ya kwanza, kufikia Ijumaa zitakuwa zimegawiwa darasa zima.

Kichongeo kimeandikwa ili wembe usiingie darasani. Hili tunalisema kwa mkazo. Wembe unaopita mikono kumi unakata mikono kumi, na damu ya mmoja inamfikia mwingine. Hata kama nyumbani mnachonga kwa wembe, achonge mkubwa, na mtoto aende shule na kichongeo. Raba iwe ile nyeupe laini. Ile ngumu iliyopachikwa kwenye kitako cha penseli hukauka na kuchana karatasi.

Kalamu ni bluu au nyeusi, ya wino mzito wa kawaida. Zile za wino mwepesi hupenya karatasi nyepesi na kutokea upande wa pili, na tone moja la mvua linafuta ukurasa. Nyekundu ni ya mwalimu. Mwanafunzi akiitumia, masahihisho hayaonekani.

Rula na mkebe

Rula ya sentimita 15 ni fupi kuliko ukurasa, kwa hiyo mtoto anaunganisha vipande viwili na mstari wa pambizo unapinda. Ndiyo sababu ya 30. Chagua inayoonyesha kwa ndani, ili aone anachokipigia mstari. Kisha angalia sifuri iko wapi. Kwenye rula nyingine sifuri ni ukingo wenyewe, kwenye nyingine iko milimita kadhaa ndani. Mfundishe mtoto wako ya kwake ikoje, maana anayepimia ukingoni wakati sifuri iko ndani atakosa kila jibu kwa kiasi kilekile, na mwalimu hawezi kujua kwa nini.

Mkebe wa hesabu unahitajika kwa madarasa ya juu tu, wanapochora maumbo na kupima pembe. Bikari ndiyo ya kukaguliwa. Ishike, chora duara mara mbili juu ya mstari uleule. Mistari isipofuatana, skurubu imelegea na mkebe huo haufai hata ukiuzwa nusu bei. Kwenye kipimapembe, tazama kama namba zinasomeka, kwani za rangi hafifu hufutika kwa jasho la mkono ndani ya mwezi.

Vijiti na vizibo

Mwalimu wa darasa la kwanza akitaka vijiti 100, anataka watoto wavifunge kumi kumi wapate mafungu kumi. Hapo ndipo "kumi" na "mia" zinapoacha kuwa maneno na kuwa vitu vinavyoshikika. Vikiwa 80 somo halikamiliki, kwa hiyo hesabu kabla hujavipeleka. Vikate vyote urefu mmoja, kama sentimita 10, na ncha zisiwe kali. Mabua makavu ya mtama yanafaa sana. Njiti za kiberiti zisiende, hata zilizokwisha kuwaka.

Vizibo vya soda ni bora zaidi na havina gharama. Mama lishe au mwenye baa atakupa ukimwomba. Vioshe kwa sabuni, vikauke, kisha gonga kingo kwa nyundo zilale zisikate vidole. Maharage, mahindi na mbegu ndogo usipeleke. Zinaliwa na wadudu, na kila mwaka kuna mtoto anayezisukuma puani au sikioni.

Rimu

Kitu hiki ndicho kinacholeta manung'uniko mengi, na hesabu yake si ngumu. Rimu moja ina karatasi 500. Jaribio la kurasa nne, likichapwa pande zote mbili, linatumia karatasi mbili kwa mtoto. Watoto 90 ni karatasi 180 kwa somo moja. Masomo sita ni 1,080, yaani rimu mbili na ushee kwa raundi moja ya majaribio.

Darasa la tatu likifanya raundi tatu kwa muhula, mwaka mzima ni raundi sita: karatasi 6,480, sawa na rimu 13. Darasa la saba likipimwa kila wiki kwa wiki 30 ni karatasi 32,400, sawa na rimu 65. Kwa hiyo ombi la rimu moja kwa kila mtoto wa darasa la saba lina maelezo. Kwa darasa la tatu, rimu 90 ni nyingi mara saba ya mahitaji, na mzazi ana haki kabisa ya kuuliza kwenye kikao. Huenda karatasi zinakwenda pia kwa darasa lisilo na uwezo, na hilo ni jambo jema likisemwa wazi.

Ukinunua, chukua ya karatasi za gramu 80 kwa mita ya mraba (80 gsm). Nyepesi zaidi hunasa kwenye mashine ya kurudufu, hasa zikichapwa pande mbili. Usiifungue. Karatasi ikivuta unyevu hujikunja kingo, na mashine inavuta mbili mbili. Kama rimu nzima ni mzigo, wazazi wawili wachangie moja na majina yote mawili yaandikwe juu ya karatasi iliyoifunga.

Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima shuleni. Mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya rimu. Suala hilo huzungumzwa kwenye kamati ya shule, mtoto akiwa darasani anaendelea na masomo.

Karatasi za manila na maka peni ni za mabango ya ukutani. Kwa darasa refu, herufi zinatakiwa ziwe na kimo cha sentimita 5 hadi 7 ili wa nyuma wazione, na kalamu ya kawaida haiwezi. Tano au sita zinatosha darasa zima kwa muhula.

Fagio, ndoo na maji

Darasa moja linahitaji fagio tatu za ndani na tatu za nje. Zikija 90, nyingi zinaozea kona ya stoo. Pendekezeni zamu: watoto sita wa kwanza kwenye orodha ya majina walete muhula huu, sita wanaofuata muhula ujao.

Maji yanahitaji uangalifu zaidi kwa shule za kando ya ziwa, Ilemela, Sengerema au Ukerewe. Mtoto akiambiwa alete maji, bila usimamizi atapita ziwani, atakanyaga majini na kuchota. Kichocho huingia kupitia ngozi, mtu si lazima ayanywe maji hayo. Jaza dumu nyumbani, lifunikwe. Kama chanzo chenu ni ziwa lenyewe, achote mtu mzima kwa kuepuka sehemu za kina kifupi zenye majani, kisha maji yakae siku mbili kwenye chombo chenye mfuniko: vimelea vya kichocho vitakufa. Hayo ni ya kunawa na kusafishia. Ya kunywa bado yachemshwe au yatiwe dawa, kwa sababu kipindupindu hakifi kwa kusubiri.

Dumu la mtoto wa darasa la kwanza liwe la lita 3. Lita 5 ni kilo 5, na akiwa na begi mgongoni hawezi.

Kununua na kuandika majina

Shule hufunguliwa Januari bila kujali mwezi angani. Kwa familia za wavuvi wa dagaa hilo ni jambo zito: dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza, na mbalamwezi ikikolea mitumbwi inakaa nchi kavu. Ikiwa ufunguzi umeangukia mbalamwezi, nunua kwanza vya wiki ya kwanza: madaftari manne ya masomo makuu, penseli mbili, kichongeo, raba. Mkebe na vitu vya darasa vinaweza kusubiri giza lifuatalo, ilimradi mwalimu ajue. Ujumbe mfupi unatosha: "Shikamoo mwalimu, mimi ni mama Kulwa wa darasa la pili A. Madaftari na penseli Kulwa anakuja navyo Jumatatu. Rimu nitaleta mwisho wa mwezi. Naomba kujua kama daftari la hesabu ni la viboksi." Walimu hupokea vizuri zaidi taarifa iliyotangulia kuliko sababu inayokuja baadaye.

Penseli na madaftari bei yake hushuka sana kwa dazeni. Wazazi watatu wa mtaa mmoja wakienda pamoja mjini, wakagawana, kila mmoja anaokoa. Begi imara la mtumba kutoka Mlango Mmoja mara nyingi linadumu kuliko jipya la bei hiyohiyo; vuta mikanda na kagua mshono wa chini.

Andika jina kwenye kila kitu, hata kichongeo. Usukumani mapacha huitwa Kulwa na Doto, na darasa moja linaweza kuwa na Kulwa wawili na Doto watatu, kwa hiyo andika majina matatu na mkondo. Kwenye penseli, kwangua rangi kidogo kitakoni na uandike kwa kalamu ya wino. Kwenye rula, andika upande wa nyuma kwa maka peni, kisha upitishe selotepu juu yake. Ijumaa jioni mwaga begi lote mkekani, hesabu kilichobaki, chonga penseli za Jumatatu, na utazame kurasa za mwisho za kila daftari: zikibaki kumi, ni wakati wa kununua jingine.